Bati wa Kwanza na Bati wa Pili

Shinyanga Mjini,
11 Mei 1976

Kaka Pantaleo,

Salamu utazikuta mwishoni, maana nikianza nazo nitasahau lililonifanya ninunue stempu. Huku watu wamechanganyikiwa na jina lako liko midomoni mwao.

Imeletwa sinema ya pili ya Bati. Tangazo lilipobandikwa, lenye picha ya Bati, lile dude la chuma refu kuliko kiwanda cha pamba, na yule mnyama wa majini tuliyempa jina la Kenge, mji mzima ulihamia mlangoni mwa ukumbi wetu. Jumamosi onyesho la saa kumi tiketi ziliniishia, nikawa nawakatia watu vipande vya daftari.

Wewe hujaiona, kwa hiyo nikueleze tofauti. Bati wa kwanza alikuwa mwekundu kifuani, huyu ni wa buluu na ameota pembe. Kenge alikuwa mmoja, sasa wako wawili, na mmoja ana mabawa, sijui ni kenge gani huyo. Mji uliobomolewa ule mwaka umejengwa wote, na hakuna mtu ndani yake anayekumbuka kwamba ulibomolewa. Wanamwona Kenge wanashangaa kana kwamba hawajapata kumsikia. Tena Fikirini, unamjua na haraka zake mashineni, siku ya kwanza alitanguliza mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Kenge akafa, akazikwa na mlima, halafu akaja mjini mzima kabisa. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyo.

Hayo yote si kitu. Jambo ni Dereva. Wewe mwenyewe, mwaka sabini na tatu, ulisimama kando ya kitambaa cha sinema ukitufasiria, Kiswahili kwanza halafu Kisukuma, ukatuambia kwamba yule kijana anayekaa ndani ya kichwa cha Bati na kumwendesha amekufa. Bati kamkumbatia Kenge, kaingia naye baharini, maji yakajifunga juu yao. Ukasema, "Huyu ndiyo kafa, ndugu zangu. Harudi. Tumlilie, twende nyumbani." Ukumbi ulilia, na mimi nililia huku nimeshika funguo za dirisha.

Sasa Dereva yu hai. Sinema inaanza tu, wavuvi wanasikia mlio kutoka chini ya maji, ngo, ngo, ngo. Wanaleta minyororo, wanaivuta ile chuma, wanafungua kichwa, mtu anatoka. Kakonda kidogo, ananyoosha mgongo. Miaka mitatu, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anakula nini.

Mama Mageni alikuwemo ukumbini. Unamkumbuka, yule mama wa Mhunze ambaye mwanawe Mageni alifukiwa na shimo la dhahabu huko Geita mwaka sabini na mbili, na maiti haikupatikana. Alikataa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala. Ni baada ya Bati wa kwanza ndipo alipokubali kunyolewa nywele na watu wakakaa msibani. Wote tulisema sinema imemsaidia. Safari hii alikuja mjini hospitali, akaona picha ya Bati ukutani, akaingia. Kichwa kilipofunguliwa alisimama, na alisimama hivyo hadi mwisho. Waliokuwa nyuma yake walinung'unika, kisha wakamwacha.

Alinifuata dirishani. "Mwanangu, yule si alikufa?"

"Alikufa, Mama. Sasa hajafa."

"Pantaleo alisema amekufa."

"Basi labda Pantaleo hajui Kiingereza," nikamjibu, nikacheka. Yeye hakucheka.

Amerudi mara mbili. Anataka kujua maneno ya sinema ya kwanza yalivyokuwa hasa, na anataka kujua unakaa wapi. Nimwambie nini?

Mimi mzima, sabuni hakuna madukani, na huyo mwenzako Fikirini anakusalimu.

Dada yako,
Mwasiti

*

Nyarugusu, Geita,
24 Mei 1976

Dada Mwasiti,

Nimeipokea barua yako na nimefurahi kusikia u mzima. Mimi sijambo. Darasa la kisomo linaendelea vizuri, nina watu wazima thelathini na wanane, na wengi sasa wanaandika majina yao.

Kuhusu sinema, naomba uwaambie watu hivi. Katika ya kwanza Dereva alikufa. Hakuna kosa katika tafsiri yangu. Walioitengeneza waliona watu wamempenda, wakaamua kutengeneza nyingine, na huwezi kutengeneza nyingine bila Dereva, ndipo wakamrudisha. Hiyo ni biashara yao, sisi haituhusu. Tena nina hakika kwamba huyo wa pili si yule. Mtazame usoni vizuri. Inawezekana ni mdogo wake aliyechukua kazi ya kaka yake.

Mwambie Mama Mageni maneno hayohayo. Mwambie ya kwanza ndiyo ya kweli na hii ni nyongeza. Mahali ninapokaa usimwambie, kwa sababu safari ni ndefu, kuna kivuko cha Busisi, na yeye ni mtu mzima.

Wako,
Pantaleo

Umeandika kwamba wavuvi wanasikia mlio. Wanausikia kwa muda gani kabla ya kuanza kuvuta?

*

Shinyanga Mjini,
5 Juni 1976

Kaka Pantaleo,

Barua yako imenivuruga zaidi. Kwanza imechelewa. Nilikuwa nimeshampa Mama Mageni jina la kijiji chako. Alinikalia dirishani siku nzima, ningefanyaje?

Pili, nimekwenda kumtazama Dereva usoni kama ulivyosema. Ni kweli, yule wa kwanza alikuwa na alama kidevuni, huyu hana. Pua nazo haziwiani. Nikafurahi, nikamwambia Mama Mageni: huyu ni mtu mwingine, ni mdogo wake. Akanitazama kama ninavyowatazama wanaotaka kuingia bila tiketi. "Mtu akae chini ya maji miaka mitatu, uso utabaki uleule?" Na kwenye sinema, Pantaleo, yule msichana mpenzi wake anamkimbilia, anamwita kwa jina lilelile. Mdogo mtu angeitwa jina la kaka yake?

Halafu akaniuliza jambo ambalo tangu siku hiyo linanizunguka kichwani. "Ile ya kwanza, mwishoni, msichana yuko ufukweni peke yake. Palikuwa na mlio. Pantaleo akasema ni mawimbi yanapiga chuma."

Nilikuwa nimesahau. Alipotamka nikausikia. Nikaenda kwa Fikirini, naye akasema anaukumbuka sana, alidhani mashine yake inagonga akaenda kuishika. Anasema ulikuwa ngo, ngo, ngo, wa kupumzika na kuanza tena. Msichana akainua kichwa, akatabasamu, akasema neno, sinema ikaisha. Wewe ukasema, "Anamuaga mpenzi wake, na hayo ni mawimbi."

Nani anatabasamia mawimbi, Pantaleo? Ulitafsiri au ulitunga? Kama ulitunga sitakulaumu, wewe ulikuwa na maneno matamu kuliko ya hao wenye sinema. Lakini nieleze, kwa sababu sasa sijui mimi nililia kitu gani.

Umeuliza muda. Kama dakika moja hivi. Kwa nini unataka kujua?

Mama Mageni amepanda basi la Mwanza Alhamisi. Amebeba kikapu, na ndani ya kikapu kuna shati la mwanamume lililopigwa pasi. Aliniambia ni la Mageni. Nilimsihi angojee barua yako. Akasema, "Ndiye niliyemngoja kidogo sana." Sikuelewa kama anakusema wewe au mwanawe.

Pia ameniambia kitu kingine. Tangu walipohamishiwa kijiji kipya wakati wa operesheni ya vijiji, kila wiki anatembea kwenda mji wake wa zamani, anafagia uwanja. Hakuna nyumba, hakuna kitu, anafagia. Anasema mtu akirudi asikute majani.

Mwasiti

*

Shinyanga Mjini,
21 Juni 1976

Pantaleo,

Wiki mbili zimepita. Amefika au hajafika? Binti yake, Paskazia, alikuja kutoka Mhunze kumtafuta, akanikuta mimi. Alinisema mbele za watu, na alikuwa na haki. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwasiti

*

Nyarugusu, Geita,
29 Juni 1976

Dada Mwasiti,

Amefika. Ni mzima. Mwambie Paskazia leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Sasa nitakueleza, na ninaomba unisamehe kwa yale niliyokuandikia mara ya kwanza.

Alikuja mchana nikiwa ninafundisha. Aliingia akaketi nyuma pamoja na wanafunzi, kikapu mapajani. Nikamwamkia kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma, "Shikamoo, mayu." Akasema, "Marahaba. Endelea." Niliendelea. Watu wakasoma ubaoni kwa sauti, naye akawa anatazama midomo yao. Walipoondoka alibaki palepale.

"Nimekuja kuuliza sinema," akasema.

"Uliza, mayu."

"Yalikuwa mawimbi?"

Nilitaka kumwambia kama nilivyokuambia wewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mei. Nikasema, "Hapana."

"Msichana alisema nini?"

"Alisema, 'Anagonga. Yu hai.'"

"Na wewe ulisikia hivyo siku ile."

"Nilisikia."

Hakuuliza kwa nini. Akaweka kikapu chini, na mimi nikaona kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena.

Mwasiti, mimi na Mageni tulikwenda wote. Hilo sikumwambia mtu yeyote Shinyanga wala Mhunze. Niliporudi nilisema nimesikia habari kwa wachimbaji. Si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa juu nimeshika kamba. Tulikuwa watu sita katika kilima cha nyuma ya hapa, tunachimba bila ruhusa, mwezi wa Desemba, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mageni alikuwa chini peke yake ubavu wa shimo ulipoporomoka. Tulichimba kwa mikono na kwa sepetu, na kila tulipotoa udongo mwingine ulishuka. Tulimsikia. Alikuwa na nyundo, alikuwa anapiga mwamba. Anapiga, anapumzika, anapiga.

Siku ya pili mtu akaja akasema askari wako njiani. Wenzangu wakakimbia. Mimi nilibaki hadi jioni, peke yangu. Sepetu ilivunjika mpini. Nikajiambia naenda kutafuta watu. Nilifika barabarani, likapita lori la pamba, nikapanda, sikushuka mpaka Mwanza. Nilipoondoka alikuwa bado anagonga.

Sikungoja mlio ukome. Hilo ndilo jambo lenyewe. Wenzangu wanaweza kusema walikimbia askari. Mimi nilikimbia ule mlio.

Miezi miwili baadaye nimesimama kando ya kitambaa pale kwetu, sinema sijaiona kabla, nafasiri inavyokuja, na mwishoni linatoka ngo, ngo, ngo. Mama yake ameketi safu ya tatu. Sikufikiri, dada. Mdomo ulisema mawimbi. Ulisema kafa, harudi. Nilikuwa namwomba afe. Watu wakalia, yeye akaenda kunyolewa nywele, nanyi mkaniambia nimemsaidia. Nilivumilia mwaka mmoja, kisha nikaja kuishi huku, karibu na kilima, na kilimani kwenyewe sijawahi kupanda hata mara moja. Ukiniuliza kwa nini nilikuja, sijui.

Nilimweleza yote hayo. Aliuliza maswali mawili tu.

"Alikuwa na nini cha kugongea? Jiwe?"

"Nyundo."

"Alikoma lini?"

"Sijui, mayu."

Halafu akasema, "Ya kwanza ulinidanganya wewe. Ya pili imenidanganya yenyewe. Sasa nionyeshe mahali."

Tulipanda kesho yake asubuhi. Nami nikapotea. Miti imeota, wachimbaji wengine wamekuja wakachimba wakaondoka, mashimo ni mengi kama ya panya. Nilisimama penye moja nikasema, "Nadhani ni hili."

"Usinionyeshe nadhani."

Tukatafuta mpaka jua likawa kichwani. Nilipoona kisiki cha mninga tulichofungia kamba, nilikionyesha kwa kidole. Yeye alipita mbele yangu. Palikuwa pametitia kidogo, majani yameota. Alilala kifudifudi, akaweka sikio chini. Mimi sikujua nifanye nini, nikasimama. Alisikiliza muda mrefu sana, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa. Kisha akainuka, akajipangusa udongo.

"Kimya," akasema.

Alichukua shati kikapuni akalitandaza juu ya majani, akalifunika kwa mawe. Hakulia mbele yangu. Tulipokuwa tunashuka akaniambia nitakwenda naye Mhunze, nikayaseme haya mbele ya baba wadogo wa Mageni, kama nilivyoyasema kwake, bila kupunguza. Nimekubali. Tunaondoka Jumatatu. Darasa nimemwachia Marselino, mwanafunzi wangu anayesoma vizuri kuliko wote.

Sijui watanifanya nini. Usinitetee kwa mtu.

Pantaleo

*

Shinyanga Mjini,
12 Julai 1976

Kaka Pantaleo,

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikukasirikia, mara ya pili nilikuonea huruma, mara ya tatu vyote vimechanganyika, nikaenda kufua nguo bila sabuni.

Siku ile ya sinema ya kwanza mimi ndiye niliyemshika mkono Mama Mageni akitoka. Nilimwambia, "Umesikia, Mama? Harudi. Lia." Nilijiona nimefanya jambo jema. Sasa sijui kama lilikuwa jema. Matanga yalikaliwa kwa uongo, lakini Mageni alikuwa amekufa kweli. Basi uongo ni upi? Nimemuuliza Fikirini bila kumtajia jina lako, akasema hizo ni fikra za mtu mwenye njaa.

Bati wa Pili amepelekwa Tabora. Watu bado wanabishana ipi nzuri. Wengi wanasema ya kwanza, kwa sababu ya pili imejaa makelele, Kenge wawili wanapigana hata hujui umshangilie nani, na Dereva akiwa hatarini huogopi tena, unajua atatoka. Mimi nilikuwa nasema hivyo pia. Nilisema ya kwanza ilikuwa na mwisho. Leo najua mwisho ule haukuwa wa sinema, ulikuwa wako. Yenyewe haikuwa na mwisho tangu mwanzo.

Uliniambia nisikutetee. Paskazia alinijia tena, ameshasikia. Alisema, "Alimwacha kaka yangu anagonga." Nikasema, "Ndiyo." Lakini alipoondoka nilijikuta nasimama mlangoni, nataka kumwita arudi nimwambie ulibaki hadi jioni, peke yako, na mpini umevunjika. Sikumwita. Sijui nilifanya vyema au vibaya.

Niandikie kutoka Mhunze.

Mwasiti

*

Mhunze,
14 Septemba 1976

Dada Mwasiti,

Samahani kwa kuchelewa. Karatasi nimeipata leo kwa mwalimu wa hapa.

Niliyasema. Baba wadogo walikuwa wanne, na majirani. Mmoja alitaka nipigwe, mwingine alitaka nipelekwe polisi, na mkubwa wao, Mzee Maduhu, aliniuliza swali ambalo silielewi hadi leo. Aliuliza, "Ungebaki, angetoka?" Nikasema hapana, nadhani asingetoka. Akasema, "Basi ulimkimbia mtu aliyekwisha kufa, na umemkimbia miaka minne." Sikujua kama ananilaumu au ananipunguzia. Waliamua nitoe kondoo, wamalize mambo yao ya ukoo, na nijenge nyumba ya Mama Mageni hapa kijijini, maana aliyopewa wakati wa operesheni ilianguka upande mmoja na mwana wa kuijenga hayupo.

Nafyatua matofali tangu Julai. Kuta zimefika kifuani. Paskazia hanisalimu. Mama Mageni mwenyewe tangu tulipofika hajasema nami neno. Akitaka kitu anamwambia Paskazia huku mimi nasikia, "Mwambie mlango utazame mashariki," na Paskazia haniambii, ananitazama tu, nami nageuza mlango. Chakula nakula kwa jirani.

Kule kwenye mji wa zamani haendi tena kufagia. Nilipita mwezi uliopita kutafuta nyasi za kuezekea, nikaona majani yameota uwanjani, yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nilisimama hapo sijui nifurahi au nisikitike. Sikukata nyasi za pale, nilikwenda kuzitafuta mbali.

Leo mchana nilikuwa peke yangu juu ya ukuta. Paskazia amekwenda kisimani. Mama Mageni alikuja akasimama upande wa pili, akawa anatazama mistari ya matofali kama mtu anayesoma. Nikaacha kazi. Nilidhani atasema imepinda, na kweli mmoja ulikuwa umepinda.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilisema bado.

Akaingia kwenye kibanda chake, akakaa huko muda, nikadhani amesahau. Akatoka na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa. Hakunipa mkononi. Aliliweka juu ya ukuta, katikati yetu, akaenda zake kuanua mtama.

Sijui maana yake, Mwasiti. Nimelitazama mpaka nzi wakaanza kuja, kisha nikala.

Pantaleo